Kadi ya Mwaka ya Hifadhi Sijainunua

Magomeni, Bagamoyo
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mume wangu, Baba Kulwa,

Hujambo huko Mwanza? Duka halijambo? Na kile kifua kilichokuwa kinakubana asubuhi kimepoa, au bado unajifanya mzima? Sisi huku tumeamka salama. Mama yako hajambo, miguu imepungua kuvimba tangu aanze kutembea kidogo kila asubuhi na Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu. Kulwa na Doto ndio usiseme, wameungua jua mpaka masikio, na wanakula samaki wa baharini kama vile ziwa letu halikuwahi kuwalisha. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma humu.

Usishtuke kuletewa barua ya karatasi kama enzi za wazazi wetu. Mwalimu Magesa, mwenzangu hapa chuo cha uvuvi Mbegani, anakwenda likizo kwao, nikamwomba apitie dukani akukabidhi mkononi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu siwezi kumaliza na wewe. Nikianza jambo, mteja ameingia. Nikirudia, mtandao umekata. Nikituma ujumbe wa sauti, unanijibu kwa kidole gumba. Karatasi haina mteja wala mtandao. Vuta kiti, soma mpaka mwisho, ndipo useme.

Nianze na hiyo kadi yako.

Baba Kulwa, tangu Mama na watoto washuke huku kwa likizo, umeniuliza habari za kadi ya mwaka ya Hifadhi ya Saadani mara nyingi kuliko ulivyoniuliza nimelalaje. Asubuhi: "Umeshanunua?" Mchana nipo mbele ya wanafunzi, mikono imejaa magamba, nawaonyesha namna ya kupasua samaki wa kukausha, simu inatetemeka mfukoni: "Ile kadi vipi?" Jioni unanitumia sauti ya rafiki yako wa gereji, yule ambaye shemeji yake anaendesha watalii, anaeleza kwa kirefu kwamba ukilipa mara moja unaingia hifadhini mwaka mzima hulipi tena, na kwamba asiyenunua ni mtu asiyejua hesabu. Nikasikiliza sauti ile nikiwa nafua mashuka. Nusura niitupe simu kwenye beseni.

Nakujua na mambo yako ya bei nafuu. Ni wewe uliyenunua rangi ya boti ndoo kwa ndoo kwa sababu mwenye kuuza alikuwa anahama, na boti hatuna. Tukapaka choo. Tukapaka banda la kuku. Tukapaka na mlango wa jirani, ambaye mpaka leo hajatusamehe. Kwa hiyo mwanzoni sikukasirika, nilijua ni homa yako ile ile, itapanda kisha itashuka. Lakini haikushuka. Ukaanza kusema nawanyima watoto. Hapo ndipo nikaamua kuulizia.

Nilimwendea Bi Zuhura dukani kwake. Yeye anauza vitambaa, wazee wake walitoka Omani zamani kuja kufanya biashara, na yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa. Nikamkuta anakunja kanga.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nikamweleza, nikamfungulia na ujumbe wako ausikilize. Ule uliosema, "Nunua mama, watoto watafaidi kila likizo wakija." Akausikiliza, akaniomba niurudie. Kisha akaweka ile kanga chini.

"Wakija? Wakija kutoka wapi? Si uliniambia shule zikifunguliwa wanahamia? Mimi chumba cha uani nimeshakipaka chokaa."

"Amekosea kusema tu, Bi Zuhura. Baba Kulwa huwa anaongea haraka."

Nilikutetea, unaona? Bila hata kufikiri nilikutetea. Bi Zuhura hakubishana. Akasema yeye hajafika huko Saadani tangu azaliwe, na haoni faida ya kwenda kumtazama mnyama naye mnyama akutazame, mkaachana. Lakini watoto ni watoto. Akanishauri tulipie siku moja kwanza, twende tukaone kama panatufaa, ndipo tuzungumze habari za mwaka. Ana mpwa wake, Nassoro, mwenye Noah ya kukodisha, angetufanyia hisani.

Nikaona hayo ndiyo maneno ya mtu mzima. Tukaenda Jumamosi.

Mama yako hakutaka kwenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu mkononi akisema, "Nimetoka Mwanza nimekunjwa kwenye basi mchana na usiku, magoti hayajanyooka, leo mnanirudisha barabarani nikaangalie nyani? Nyani wa kwetu wana kasoro gani?" Lakini alipoona wajukuu wamekaa mlangoni wamevaa tangu alfajiri, akavaa viatu. Akafunga na kikapu cha chakula kama tunahama nchi.

Nassoro ni kijana wa mjini, miwani ya jua hata jua halijatoka. Nikamuuliza kama hiyo Noah itaweza barabara ya huko. Akacheka. "Dada, hii gari ni mnyama. Wewe kaa utulie." Basi tukatulia. Lami ilikwenda vizuri hadi Msata na kuvuka Wami, tulipokata kuingia Miono vumbi likaanza, na tulipofika Mkange nilikuwa sijui tena nguo yangu ilikuwa ya rangi gani. Kulwa alitapika. Doto akasema ametapika kwa makusudi ili akae dirishani. Wakapigana. Mama akawafinya wote wawili kwa haki.

Getini tukampokea dada mmoja mchangamfu, au tuseme yeye ndiye aliyetupokea sisi. Akaomba vitambulisho. Mama yako akapekua pochi, akapekua kikapu, akamwaga maandazi yote juu ya meza ya watu, kitambulisho hakipo. Kimebaki kwenye pochi nyingine. Akaanza kujilaumu kwa Kisukuma, kwa sauti, na mwisho akailaumu na ile pochi. Yule dada akacheka mpaka akashika tumbo. "Bibi, kwa lugha hiyo nani atasema wewe ni mgeni kutoka nje?" Akamuuliza mwenzake, wakatusaidia. Watu wazuri, sina la kuwalaumu.

Wakati tunasubiri malipo yaingie kwa simu, Mama amewapeleka watoto chooni, nikamuuliza habari za kadi ya mwaka. Akanieleza kwa utulivu kabisa. Kadi ni ya mtu mmoja mmoja, ina jina na picha, haiazimwi. Gari lina malipo yake mbali. Rafiki yako wa gereji hilo la gari hakulisema, au wewe hukusikiliza. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Nyie mnaishi Bagamoyo, au mnakuja kutembea?"

"Mimi naishi Bagamoyo, nafundisha Mbegani. Hawa wanahamia. Na baba yao anakuja mwisho wa mwaka, anafunga duka lake Mwanza afungue huku."

"Basi mtaangalia wenyewe," akasema. "Watu wa karibu wakija mara kwa mara inawalipa. Wakija mara moja wakachoka, haiwalipi. Zungukeni kwanza, mkitoka mtaniambia."

Nikaingia humo ndani nina furaha, Baba Kulwa, nakuambia kweli. Nilikuwa nimesema kwa mdomo wangu mbele ya mtu nisiyemjua kwamba familia yangu inahamia. Nikamuona na huyo dada kama jirani.

Furaha ilidumu mpaka mbung'o walipoingia. Sijui kama umewahi kung'atwa na mbung'o. Ni kama sindano ya hospitali, ila anayekuchoma hakuombi radhi. Wanang'ata hata juu ya nguo. Tulipokuwa tumeshang'atwa sote ndipo Nassoro akasema, bila hata kugeuka, "Ila huku watu hawavai bluu. Mbung'o wanaipenda bluu." Mimi nimevaa gauni la bluu. Doto fulana ya bluu. Mama kitambaa cha bluu kichwani. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu Bagamoyo. Akasema hatukumuuliza.

Kwa muda mrefu tuliona nyasi. Tukaona makalio ya ngiri akikimbia. Tukaona nyani, na Mama akanitazama. Kuro wawili walisimama mbali, na Nassoro akawaita swala, kisha akawaita pofu, kisha akasema wote ni wale wale. Joto lilikuwa la kukausha mate. Na mahali hapo pasipo na mtandao wa kumpigia mganga, simu yako wewe ikaingia, tena ya video.

"Simba mmeshamwona?"

"Bado."

"Geuza simu nione!"

"Nikuonyeshe nini, Baba Kulwa? Nyasi?"

"Basi mnunue hiyo kadi, mkirudi mara nyingi mtamwona." Ikakata.

Hatukwenda mbali baada ya hapo. Mvua ilikuwa imenyesha siku iliyotangulia, na kule bondeni kuna ule udongo mweusi, ukiukanyaga mkavu ni tofali, ukilowa ni ugali. Noah ikaingia kwa mbwembwe, ikateleza, ikalala kwenye tope mpaka mlango wa pembeni ukakataa kufunguka. Nassoro akakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, tope likaruka madirishani. Akavua miwani kwa mara ya kwanza. Mtandao ukachungulia kidogo, akawahi kupiga getini. Wakamwambia tusishuke garini, gari lao liko upande mwingine, watakuja kutuvuta.

Basi tukakaa. Watoto walichoka kulia njaa, wakala maandazi, wakalala. Nassoro naye akaegemeza kichwa kwenye usukani. Mama alikuwa nyuma pamoja nami, anajipepea na kile kitambaa cha bluu, amechoka, ana kiu. Akawa anasema peke yake, unajua anavyosema peke yake.

"Na mwanangu naye. Anataka mkewe ateseke hivi kila likizo na watoto, mpaka nyumba iishe."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nyumba gani, Mama?"

"Hiyo ya Buswelu, kule kwetu."

"Nani anajenga Buswelu?"

Akaacha kujipepea. Akanitazama usoni, na nikaona anaanza kuelewa kabla mimi sijaelewa.

"Mama Kulwa, usinitanie. Nyumba yenu. Kuta zimefika kwenye lenta. Yeye aliniambia mmekubaliana. Kwamba wewe utaendelea na kazi huku, watoto watakuwa wanakuja likizo, na nyumba ikiisha utaomba uhamisho urudi. Aliniambia ni wazo lako."

"Mama, mimi sijui kitu."

"Hujui kiwanja?"

"Sijui kiwanja."

Akafunga mdomo kwa kiganja. Kisha akasema taratibu, "Mungu wangu. Nimekuwa naongea na mafundi mwezi mzima nawapikia uji, nikijua nampikia mkwe wangu."

Sasa hapo nikukumbushe tulikotoka, maana huenda tofali zimekusahaulisha. Nilipopata kazi hii tulikaa na wewe mbele ya kaka yangu mkubwa. Si mimi niliyelazimisha. Wewe ndiye uliyesema pwani kuna wavuvi wengi na nyavu nzuri kama za dukani kwako zinaagizwa kwa tabu, kwamba nitangulie, nitafute nyumba, nawe mwaka ukiisha utafunga duka uje ufungue huku. Nimekutafutia fremu ya duka karibu na soko la samaki. Nimeongea na mwenye nayo. Nimepanga nyumba ya vyumba vitatu nikalala kwenye kimoja, na usiku mwingine nafungua ile milango miwili mingine nivitazame tu. Kila aliyeniuliza, "Mume yuko wapi?" nimemjibu, "Yuko njiani." Watu wa hapa wana adabu, hawakuniuliza njia hiyo ina urefu gani.

Na wewe wakati wote huo unapandisha ukuta.

Ndipo nikaielewa ile kadi. Haikuwa homa ya bei nafuu safari hii. Mtu anayejua watoto wake watakaa kwa mama yao hasemi "kila likizo wakija". Ulikuwa umeshatupangia mwaka mzima, nani alale wapi, nani aje lini, ukatafuta na kitu cha kutufurahisha ndani yake, kama mtu anayemnunulia mtoto pipi kabla ya kumpeleka kudungwa sindano. Lililokuwa limebaki ni kuniambia tu, na hilo ndilo uliloshindwa.

Nilikuwa bado nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili wakati Kulwa alipoamka akanong'ona, "Mama. Mama, tazama."

Walitoka kwenye michongoma bila sauti yoyote. Twiga, kundi zima, wakubwa kwa wadogo, wakapita mbele ya gari letu lililozama kama vile sisi ni jiwe. Mmoja mdogo alisimama akatuinamia, ana kope ndefu kama bibi harusi. Doto aliniparamia magotini, moyo wake unapiga mbio hata mimi nausikia. Mama yako, yule aliyesema hana haja na wanyama, alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, machozi yanamtiririka, sijui kwa ajili ya twiga au kwa ajili yetu. Watoto walinitazama waone kama nami nimefurahi. Nikatabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona twiga maishani, na ukiniuliza leo walikuwa wangapi au walikwenda upande gani siwezi kukuambia. Nilikuwa nahesabu miezi uliyonidanganya. Hilo nalo umenichukulia.

Watu wa hifadhi walikuja na trekta wakatuvuta. Nassoro akaomba radhi kwa kila mtu, mpaka kwa Doto. Tulipofika getini jua lilikuwa limeshuka na yule dada alikuwa anajiandaa kufunga. Akatoka nje kutupokea na maji ya kunywa.

"Poleni jamani. Haya, mama, mmeamuaje kuhusu kadi? Niwaandikie watu wangapi?"

Baba Kulwa, nilisimama mbele ya yule mwanamke nikashindwa kujibu swali la mtoto wa darasa la kwanza. Watu wangapi. Mama yako ndiye aliyenishika mkono akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko siku zote: "Mwanangu, ngoja kwanza sisi tujue nani anaishi wapi."

Jioni ile ile nilikupigia. Unakumbuka. Nilikusalimia, nikakuuliza nyumba imefika wapi. Kisha swali lako la kwanza halikuwa, "Mke wangu, umejisikiaje?" Ulisema, "Nani kakuambia?" Nilipokutajia Mama, ukasema Mama naye hana siri, ulitaka iwe sapraizi. Kisha mteja akaingia. Mteja gani, Baba Kulwa, saa ambayo duka limeshafungwa na wewe uko nyumbani nasikia kuku wanapanda kwenye banda?

Sina chuki na nyumba. Nataka ulielewe hilo. Ungeniambia, "Mama Kulwa, nimepata kiwanja, moyo wangu unagoma kuondoka Mwanza, naogopa kuanza upya kwenye mji nisikomjua mtu," ningelia, tungegombana, halafu ningekaa nawe tutafute njia. Hata uhamisho ningeufikiria. Kuogopa si dhambi. Mimi mwenyewe nilipofika hapa niliogopa bahari kwa wiki kadhaa, ninavyoipenda leo hungeamini. Lakini kunifanya mimi niwe naandaa vyumba, na Bi Zuhura apake chokaa, na watoto waage marafiki zao shuleni, huku wewe unajua, hilo limenichoma. Watoto waliniambia wameaga. Uliwaacha waage.

Leo asubuhi Mama aliniita uani. Akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwako. Kwamba baba yako alipokuwa kazini relini Tabora, alikuwa akija nyumbani kwa sikukuu tu, na kila akija wewe ulikuwa unajificha nyuma ya mlango ukidhani ni mgeni. Kwamba alikuwa anakuletea biskuti ili utoke. Kwamba ulianza kumwita baba ukiwa umeshaota ndevu, naye baba alikuwa amebakiza muda mfupi wa kuishi. Mama akasema, "Mimi nililivumilia hilo kwa sababu hatukuwa na namna. Yeye namna anayo. Sitakaa nilione tena kwa wajukuu." Akaongeza kwamba nikiandika nikuambie hayo kama alivyoyasema, nisipunguze. Sijapunguza.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kadi sijainunua na sitainunua. Watoto hawapandi basi la kurudi. Usipige simu kwa kaka zangu kusema nimekunyang'anya, maana sijakunyang'anya. Njoo uwachukue mwenyewe kama unataka kuwachukua, lakini uje ukae nao chini uwaambie kwa kinywa chako kwa nini. Mama naye amekataa kuondoka. Anasema upepo wa huku unamfaa miguu, ila sote tunajua anachokisubiri. Mpaka shule zifunguliwe kuna nafasi ya kutosha kwa mtu anayetaka kuja. Njoo na ramani ya nyumba, tuitandike mezani tuione. Na mimi nitakupeleka kwenye ile fremu ya karibu na soko uione. Tukishaona vyote viwili, tutasema kweli, kisha tutaamua mahali pamoja pa kuishi watu wanne na mama yetu. Nikishindwa kwenye mazungumzo hayo nitashindwa kwa heshima. Lakini kuamuliwa nikiwa mbali, hapana.

Na ukija na bado unaitaka hiyo kadi ya mwaka, geti unalijua liliko, nenda ukanunue ya kwako. Kwa jinsi mambo yalivyo leo, anayekuja huku kutembea ni wewe.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, shahidi wetu, mwambie asome barua hii ukimaliza. Msalimie dada yako anayekupikia, asikuwekee chumvi nyingi kwa ajili ya hicho kifua. Msalimie jirani wa mlango wa rangi ya boti. Kulwa anakusalimu, anasema ametapika mara moja tu. Doto anakuchorea twiga, utamkuta ndani ya bahasha hii, usimkunje. Bi Zuhura anakusalimu kwa heshima zote, ingawa kwa sasa salamu zake kwako ni fupi.

Nisalimie na fundi anayejenga huko Buswelu, ambaye simjui hata jina. Mwambie mama mwenye nyumba anauliza dirisha la jikoni linatazama wapi.

Mkeo ambaye bado amevaa pete yako,
Mama Kulwa